Mama Njaa Anaondoka Karakana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinamia boneti za watu, Fundi Mkuu wa Umeme wa karakana yetu anavua ovaroli na kustaafu. Ofisini anaitwa Fundi Mkuu. Majirani zake wanamwita Mama tu. Sisi tunamwita Mama Njaa, na kwa kuwa wageni kadhaa wamelisikia jina hilo wakadhani ni tusi, uongozi umeniomba mimi, dereva aliyesafiri naye zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, nieleze lilikotoka. Nimeombwa pia nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Kwanza ieleweke kwamba mama huyu hajawahi kukaa na njaa. Saa nne asubuhi huwa amekwisha kula mara mbili, na ole wake anayemletea swali la waya kabla hajamaliza chai. Husema kichwa chake hakiwaki tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo yeyote aliyemwonea huruma kwa sababu ya jina lake, aiweke huruma hiyo mahali pengine.

Alijiunga nasi akiwa binti aliyetoka chuo cha ufundi majuzi, akapelekwa chumba cha betri, chumba ambacho kila mtu alikikwepa kwa sababu ya asidi. Ndani ya mwezi mmoja nguo zake zote zilikuwa na vitundu vidogovidogo. Msimamizi wa wakati huo alitangaza mbele ya watu kwamba binti yule hatafika mwisho wa msimu. Msimamizi akaondoka yeye, mgongo ukimsumbua, na binti akabaki, akapanda kutoka chumba cha betri hadi meza ya waya, kutoka meza ya waya hadi ufundi mkuu. Mara mbili alipewa kiti ofisini, na mara mbili alikirudisha akidai kinamuumiza kiuno. Sisi tuliomwona akikaa chini ya gari kutwa nzima bila kulalamika tulijua kiuno hakina kosa.

Kazi iliyompa heshima ni ya magari-nyumba. Kwa wasioyajua, ni gari lenye kitanda, sinki, friji na jiko, ambalo mtu anaweza kulala ndani yake popote atakapoegesha. Gari la namna hiyo lina betri za aina mbili. Kuna betri ya injini, ya kuwashia gari, na kuna betri za ndani, zinazobeba taa, feni, friji na kila anachochomeka mwenye nyumba. Gari likitembea, alternata huzungushwa na mkanda wa injini, ikatengeneza umeme na kuzijaza betri zote. Jambo lenyewe linasikika rahisi, na kwa miaka mingi lilikuwa rahisi kweli.

Kisha zikaja betri za lithiamu. Zile za zamani, nzito, za maji ya asidi, zilikuwa na adabu. Zikipungua zilikunywa umeme polepole. Hizi mpya ni nyepesi na zinabeba umeme mwingi, lakini zikiwa tupu zinakunywa chochote kinachotolewa, bila kupumua, na alternata haijui kukataa. Itatoa hadi iungue. Leo kila fundi wetu anajua kwamba katikati lazima kifungwe kisanduku cha kupunguza umeme unaopita. Sisi tunakiita bawabu. Wakati ninaousimulia, bawabu hakuwepo. Tuliweka betri mpya, tukaacha rilei ya zamani, ambayo ni swichi tu inayoziunganisha betri injini ikiwaka. Rilei ilikuwa haijawahi kutusumbua, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuigusa.

Na tulikuwa na heshima moja tuliyojivunia sana. Karakana yetu haikumkabidhi mteja gari lenye betri pungufu. Jioni ya mwisho tulilichomeka ukutani, asubuhi likaamka limejaa pomoni. Ndipo Fundi alipoliwasha, akaweka mgongo wa mkono karibu na alternata, akasubiri, akaitikia kwa kichwa. Mkono ule ulikuwa muhuri wetu. Alternata ilikuwa baridi, naye akalipitisha gari.

Bila shaka ilikuwa baridi. Betri iliyojaa haiombi kitu. Tulikuwa tunaijaribu alternata siku pekee ambayo haikuwa na kazi, tena kwa sababu ya ukarimu wetu, na watu wote wa karakana nzima, wenye vyeti na wasio navyo, hatukuliona hilo.

Gari la kwanza kuwekewa betri hizo lilikodiwa na mwokaji mikate. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya kazi na maneno machache, na alitaka kumhamisha baba yake. Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, naye aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyopaswa kuunguruma mchana na usiku. Mashirika ya ndege yalimkataa. Mwokaji alitaka baba yake akaishi naye, juu ya duka lake la mikate, safari ya siku mbili kwa barabara. Mashine ingechomekwa kwenye betri za ndani, na pembeni ungekuwepo mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura. Alituuliza swali moja tu, kama umeme utatosha. Fundi akamjibu kwamba kwa betri zile, gari likitembea, umeme utatosha na kubaki.

Ilikuwa desturi ya Fundi, na ni desturi yake hadi leo, kwamba gari lenye mfumo mpya haliendi safari ya kwanza bila yeye ndani. Kwa hiyo tulikuwa wanne. Mimi kwenye usukani, Fundi kando yangu, mwokaji nyuma kwenye kiti kidogo, na mzee kitandani karibu na dirisha, mrija puani. Mzee aliyeburuza mabehewa maisha yake yote hakuwa na maoni mazuri juu ya namna yangu ya kufunga breki, na hakuyaficha. Siku ya kwanza ilikuwa ya vicheko. Tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye soketi, tukalichomeka gari, asubuhi likawa limejaa tena. Fundi akaweka mkono wake, akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Mchana wa siku ya pili tulikuta foleni. Lori lilikuwa limelala kiubavu darajani mbele, na magari yalikuwa yamesimama hadi upeo wa macho. Jua lilikuwa kali. Nilizima injini kuokoa dizeli, kama kila dereva aliyekuwa pale, na mashine ya mzee ikaendelea kwa betri za ndani pamoja na friji na kipoza hewa, maana bila kipoza hewa ndani mle mngekuwa tanuri. Tulikaa muda mrefu sana. Madereva walishuka, wakatandika makuti na maboksi chini ya malori, wakalala. Hakuna aliyejua lori la darajani lingetolewa lini.

Kengele ya inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikaanza kulia, kumaanisha betri za ndani zinakaribia kuisha. Fundi hakushtuka. Alizima kipoza hewa na friji, akaniambia niwashe injini. Nikawasha. Kengele ikanyamaza, mashine ikaendelea, na mzee akasema sasa angalau kuna sauti ya kazi.

Mkanda ukaanza kupiga kelele, sauti nyembamba kama ya mtoto anayekataa kulala. Nikadhani ni vumbi. Baada ya kitambo mwokaji akanyanyua pua.

"Kuna kitu kinaungua," akasema.

Nikamwambia ni mkanda tu, umepata joto.

"Kaka, mimi naishi na tanuri. Najua kinachopata joto na najua kinachoungua. Hicho kinaungua."

Fundi alikuwa ameshashuka. Alifungua boneti, akapeleka mgongo wa mkono kwenye alternata, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Aliurudisha mkono kwa kasi, kabla haujafika. Wakati huohuo taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi.

"Zima," akasema.

Mwokaji alisikia, akatoka mbio. Alisimama kati yangu na funguo, kama angeweza kuzizuia kwa mwili wake. Alisema tukizima mashine itakufa. Fundi alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba tusipozima alternata itakufa, na ikifa hakuna kitakachoiamsha mashine tena barabarani pale. Injini ilikuwa inazunguka polepole kwa kuwa gari limesimama, kwa hiyo hata feni ndogo ya alternata haikuwa na upepo wa kutosha kujipooza, na nyuma kulikuwa na betri tupu inayovuta bila huruma. Tulichokuwa tukikifanya ili kumwokoa mzee ndicho kilichokuwa kikimaliza tegemeo lake.

"Uliniambia utatosha," mwokaji akasema.

"Nilikwambia hivyo."

"Ulilijaribu?"

Hapa naomba wenzangu vijana wasome polepole. Fundi angeweza kulaumu joto, foleni, betri, au kiwanda. Angeweza kunilaumu mimi niliyezima injini mapema, na ningenyamaza. Alisimama pale juani, akafikiri, na usoni mwake nikaona ameelewa.

"Nililijaribu limeshiba," akasema. "Mara zote nimelijaribu limeshiba. Kosa ni langu, dada. Sasa nipe mtungi tumhamishie mzee, halafu unitukane ukitaka, lakini unitukane huku tunafanya kazi."

Mwokaji alimtazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Baba yangu si gari la kujaribia," akasema. Kisha akaenda kufungua mtungi.

Nikazima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele ya mkanda. Fundi akazima mashine kabla haijakomba kidogo kilichobaki, na mzee akawa anapumua kwa mtungi ule mdogo, ambao haukuwa na uzito wa kunishinda kuubeba kwa mkono mmoja. Ulikuwa na mshale wa kuonyesha oksijeni iliyobaki. Mshale ulikuwa unashuka, na ukiutazama huoni ukishuka, ila ukigeuka na kurudi unaukuta chini zaidi. Nilijikataza kuutazama, nikashindwa.

Nikaja na ndoo ya maji nimwagie alternata ipoe haraka. Fundi alinitazama nikairudisha ndoo bila kuambiwa neno. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka, na mimi dereva wa miaka mingi nilijua, ila hofu ilikuwa imenivua akili. Ilibidi ipoe yenyewe, kwa wakati wake, na mtungi ulikuwa na wakati wake. Tulikuwa tunasubiri tuone kipi kitatangulia.

Magari ya mbele na nyuma hayakuwa na nafasi hata ya kupitisha baiskeli. Hakuna gari la wagonjwa ambalo lingetufikia. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo imepauka. Mwokaji alimshika mkono, akimwambia habari za chumba alichomwandalia, dirisha linaloangalia reli, kitanda cha mbao, kana kwamba ni habari za kawaida. Mzee akafumbua jicho moja akamwita Fundi, aliyekuwa mlangoni akitafuta spana.

"Mwanangu," akasema, akapumzika. "Usijali sana. Hata mimi wakwe zangu walinijaribu nimeshiba." Akapumzika tena. "Njaa yangu waliiona baadaye."

Mwokaji alicheka na kulia kwa pamoja. Fundi hakucheka. Aliitoa rilei ili umeme usipite tena kwa mkupuo, akaiweka mfukoni, akashika njia kando ya foleni akigonga mlango wa kila lori.

Alikuwa anaomba kebo za kubusti, zile za kuamshia betri iliyolala. Madereva ni watu wakarimu wakiwa wamechoka kusubiri. Mmoja alitoa kebo nene, nyekundu, za maana, za kuwashia lori kubwa. Fundi alizirudisha.

"Hizi nzuri mno. Una nyembamba? Zile za bei rahisi zinazokukasirisha?"

"Mama, betri yako imekufa au unakusanya takataka?"

"Nipe takataka, mwanangu, nina haraka."

Walimpa, wakicheka, na alipowaambia kuna mzee anayepumua kwa mtungi wakaacha kucheka na wakaanza kutafuta wenyewe, lori hadi lori, hadi akarudi na mzigo wa kebo shingoni. Ndipo nilipoelewa. Kazi ya bawabu ingefanywa na waya. Maji yakipita kwenye mpira mwembamba na mrefu, hata bomba liwe na nguvu kiasi gani, yanatoka kidogo. Umeme nao ni hivyohivyo. Aliunganisha kebo moja na nyingine, kibano kwa kibano, akafunga kila kiungo kwa utepe, akaweka fyuzi mwanzoni, akaitoa kebo ile ndefu kama nyoka kutoka kwenye boneti, ikapita dirishani, sakafuni, chini ya miguu ya mzee, hadi kwenye betri za ndani. Alikagua kila kiungo kisiguse bati la gari. Jasho lilikuwa likidondoka kutoka kidevuni, naye ni mtu ambaye hatoki jasho.

Mwokaji akaita kutoka ndani. Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu.

Fundi akapeleka mkono kwenye alternata. Akauacha hapo, pua imekunjwa, akautoa. Haikuwa baridi. Ilikuwa imepoa kiasi cha kuvumilika, na hatukuwa na muda wa zaidi ya hapo.

"Washa. Kisha kanyaga mafuta kidogo, usikanyage sana, uishike hapohapo. Izunguke ijipepee."

Nikawasha. Taa nyekundu ya dashibodi ikawaka na haikuzima. Nilikanyaga mafuta. Haikuzima. Niliona kupitia kioo kwamba Fundi haitazami taa, anaangalia mkanda, na mwokaji anaangalia uso wa Fundi. Nikaongeza mafuta kidogo, nikaanza kuomba, mimi ambaye kwa maombi si mtu wa mfano.

Taa ikazima.

Hakuna aliyeshangilia. Fundi alisubiri, mita ya kupimia umeme mkononi, akitazama tarakimu zikipanda polepole. Alipotosheka akaiwasha inveta, kisha mashine. Ikakohoa, ikaunguruma. Mwokaji akahamisha mrija kutoka kwenye mtungi, nasi tukaisikiliza ile ngurumo kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani. Baada ya kitambo midomo ya mzee ikaanza kurudia rangi yake.

Kazi ilikuwa bado. Foleni haikusogea kwa muda mrefu sana, na mimi nilikuwa kifimbo cha kushikilia pedeli. Nikipunguza, alternata inapata joto. Nikizidisha, kebo zinapata joto. Mguu ulikufa ganzi, ukapona, ukafa tena. Mzee alinipongeza, akasema hatimaye nimejifunza kukaa bila kufunga breki. Fundi alikuwa anakwenda na kurudi, mkono kwenye alternata, mkono kwenye kebo. Safari moja aliporudi ndani alimkuta mwokaji amepiga magoti sakafuni, anagusa kiungo kimojakimoja kwa ncha za vidole, kama anavyogusa mkate kujua umeiva.

"Niambie joto gani ni baya," mwokaji akasema, bila kumtazama.

Fundi akapiga magoti kando yake, akamwonyesha. Walifanya kazi hiyo pamoja hadi lori la darajani lilipovutwa na foleni ikaanza kutambaa. Katika muda wote huo sikuwasikia wakisemeshana neno ambalo si la kebo.

Tulifika. Mzee alibebwa hadi chumba chenye dirisha la reli, mashine ikachomekwa ukutani, na Fundi hakutoka hadi alipoipima ile soketi. Mwokaji alinipa mkono mimi. Fundi hakupewa. Alisimama kwenye ngazi zile zinazonukia mkate kwa muda mfupi, akachukua begi lake la spana, akashuka. Njia nzima ya kurudi hakula kitu. Kwa anayemjua, hilo linatosha kueleza hali aliyokuwa nayo.

Siku ya kwanza aliporudi kazini aliandika kwa chaki ukutani juu ya meza ya waya: LIJARIBIWE LIKIWA NA NJAA. Kuanzia siku hiyo hakuna gari lililotoka kabla betri zake za ndani hazijamalizwa kabisa, kisha injini ikawashwa gari likiwa limesimama, juani, kila kitu kikiwaka, na mkono wake kwenye alternata hadi atakaporidhika. Tulilalamika sana. Kazi ya kitambo kidogo ikawa ya nusu siku. Wateja walinung'unika, uongozi ukaguna, na vijana wa maegesho ndio waliombandika jina la Mama Njaa. Alipoombwa alegeze, alizitia funguo za magari yote mfukoni mwa ovaroli na kwenda kunywa chai. Bawabu wa kwanza akanunuliwa wiki hiyo. Magari yetu yaliyotoka tangu hapo yamebeba zahanati zinazotembea, maktaba, familia zenye watoto wachanga na wazee wenye mashine kama ile, na hakuna alternata yetu hata moja iliyoungua.

Ningependa kusema alijisamehe. Sijui. Ninachojua ni kwamba ile rilei aliyoitoa siku ile haikutoka mfukoni mwake. Imekuwa ikifuliwa pamoja na ovaroli miaka yote hii, na ukimwona ameingiza mkono mfukoni wakati kijana anamwambia gari liko tayari, ujue anaigusa.

Mzee aliishi. Tulisikia kwa watu kwamba alikaa kwenye dirisha lake akisahihisha treni zilizopita, hadi siku aliyolala asiamke, kitandani mwake, mashine ikinguruma. Muda fulani baada ya hapo, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi aliingia mapokezi akauliza kama yule fundi bado yupo. Dada wa mapokezi akadhani ni lalamiko, akajibu kwa tahadhari kwamba yupo, lakini ana kazi nyingi. Mwanamke akasema atasubiri.

Alitaka gari. Alitaka gari la kuokea mikate, lenye tanuri la umeme, la kumfikisha kwenye vitongoji ambako mkate wa moto haufiki, na hakutaka mtu mwingine aguse waya zake. Fundi alilifanya gari lile kwa muda mrefu kuliko gari lolote nililowahi kumwona akilifanya. Siku ya kulijaribu, mwokaji alikuja mwenyewe. Aliwasha tanuri, feni, friji na taa zote, injini ikiwa imezimwa, akakaa kwenye kibao kando ya Fundi wakisubiri betri ziishe. Kijana mmoja alitaka kuwasha injini mapema kidogo. Mwokaji akamzuia.

"Acha limalize kabisa," akasema. "Nataka kuliona likiwa na njaa."

Wakakaa. Betri zilipoisha, gari likawashwa, na Fundi alipopeleka mkono kwenye alternata, mwokaji akapeleka wa kwake pia. Ilikuwa vuguvugu. Ndipo alipougeuza mkono ule ule, wenye vumbi na grisi, akampa Fundi. Nilikuwepo. Walishikana muda mrefu kidogo kuliko watu wanavyoshikana mikono wakimaliza biashara.

Mama Njaa, umewafundisha mafundi wote wa umeme waliopo hapa leo, na kila mmoja wao ana vitundu kwenye nguo na jeuri uliyompa. Umetuudhi, umetuchelewesha, umetufungia funguo, na kwa sababu hiyo tunalala usingizi. Asante kwa mkono wako. Asante pia kwa mdomo wako, ingawa hiyo asante nimeitoa kwa niaba ya wenzangu. Nenda ukapumzike, ule kwa wakati, uwe na siku njema nyingi mbele, na usitupigie simu kila asubuhi kuuliza kama tumezimaliza betri. Tutazimaliza.

Jambo la mwisho. Wageni waalikwa, huo mkate ulio mkononi mwenu umeokwa asubuhi ya leo hapo nje ya geti, kwenye gari la yule mwokaji, injini ikiwa imezimwa. Ameoka hadi tanuri likapoa lenyewe na taa zikafifia. Amesema ndiye atakayekurudisha nyumbani, Mama, na kwamba yeye hawashi gari kabla hujaja na mkono wako. Betri za ndani hazina kitu kabisa. Gari linakusubiri likiwa na njaa.